Yatakuja Tu, Subiri Kidogo: Mwongozo kwa Mwenye Gesti Anayetaka Mgeni Wake Aoge

Kama una gesti Njombe, Makambako, Mafinga, au popote ambapo mwezi wa saba mtu akitoka nje alfajiri anaiona pumzi yake mwenyewe, mwongozo huu ni wako. Kwenye ukuta wa mapokezi umebandika tangazo: MAJI YA MOTO SAA 24. Kitandani umetandika shuka jeupe, juu yake taulo limekunjwa umbo la bata. Runinga ipo, pazia zito lipo, kandambili zipo, zote mbili za mguu wa kushoto. Sasa chukua ufunguo wa namba 9, chumba cha mwisho wa korido, ingia bafuni, fungua shawa, usimame chini yake. Kunyoosha mkono na kuurudisha hakuhesabiki. Vua nguo, simama.

Inatoka michirizi mitatu. Mmoja unapiga ukuta, wa pili unapiga mlango, wa tatu ndio wako. Nao ni wa baridi. Mgeni wako, mzee wa watu aliyeshuka kwenye basi baada ya kukaa kitini tangu alfajiri, anajifunga taulo na kuchungulia koridoni.

"Binti, huku namba tisa maji ya moto hayaji."

"Yaachie tu baba, yachuruzike kidogo. Yatakuja."

Anayaachia. Yanachuruzika. Baada ya robo saa binti anagonga mlango: "Baba, bado? Basi ngoja nikuletee ndoo."

Ndoo sina ugomvi nayo. Lita 20 za maji yaliyochanganywa vizuri, na kopo la kuchotea, zinamtakatisha mtu mzima mpaka nyuma ya masikio, na tumekua nayo sote. Ugomvi wangu ni na bei. Umemtoza mgeni bei ya chumba chenye shawa, kisha ukamwogesha kwa ndoo iliyobebwa na binti aliyeamshwa usingizini. Hapo kuna mtu kadhulumiwa, na pengine ni wawili.

Kesho yake unamwita fundi. Fundi anaangalia juu, anatikisa kichwa, anasema: "Bosi, hita yako ndogo. Tuweke ya lita mia." Unanunua. Mwezi unaofuata michirizi ni ile ile mitatu, na bili ya umeme imepanda. Anarudi: "Bosi, hapa panataka pampu." Unanunua pampu. Sasa namba 1 mgeni anapigwa na maji mpaka anakosa pumzi, usiku kucha pampu inanguruma chini ya dirisha lake, na namba 9 kuko vile vile. Umenunua vifaa viwili na hujajua ugonjwa wako ni upi. Kwa hiyo kuanzia leo, kabla ya kutoa shilingi, pima.

Kwanza: ndoo, saa ya mkononi na kalamu

Ndoo ile ile ya binti ina kazi hapa. Tafuta ya lita 10, iweke chini ya shawa ya namba 9, fungua maji yote, hesabu sekunde mpaka ijae. Ikijaa ndani ya sekunde 75, unapata lita 8 kwa dakika, na hiyo ni shawa ya heshima. Ikichukua dakika mbili ni lita 5, mtu ataoga asilalamike. Ikizidi dakika mbili na nusu, mgeni wako ataondoka na povu masikioni. Andika namba hiyo kwenye daftari. Kisha fungua kichwa cha shawa kwa mkono, kiweke pembeni, upime tena bomba likiwa wazi.

Jaribio hili la pili halina gharama, na ndilo ambalo mafundi wengi huliruka. Kama bomba tupu linamwaga kwa nguvu na kichwa kikirudi maji yanakufa, ugonjwa uko kwenye kichwa. Pwani, Unguja au Dar es Salaam, ambako visima vingi vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, vitundu huziba kwa chokaa: loweka kichwa kwenye siki usiku mzima, asubuhi kisugue kwa mswaki wa zamani. Nyanda za juu kusini sababu mara nyingi ni nyingine. Ukikitikisa kichwa utasikia mchanga, na ukikifungua utakuta chembe za plastiki zilizobaki mabomba yalipokatwa, na vipande vya utepe mweupe aliozungushia fundi kwenye uzi wa maungio. Hivyo havijui siki. Vinatolewa kwa sindano na kwa subira.

Na lile shawa pana kama sinia ulilonunua kwa sababu uliliona kwenye picha ya hoteli? Limetengenezwa kwa presha ya hoteli. Kwenye simtanki lako linadondosha matone kama mti baada ya mvua. Lishushe, uweke kichwa kidogo chenye vitundu vichache. Mgeni hataliona pengo lake, atakuwa anaoga.

Pili: panda ukaangalie simtanki

Maji ya simtanki hayana nguvu nyingine zaidi ya kimo. Kila mita 10 za kimo zinatoa presha ya bari 1 hivi; kila mita moja ni sehemu ya kumi ya hapo. Chukua mnara wako wa mita 3, na simtanki lenye maji ya kimo cha mita 1.5. Uso wa maji uko mita 4.5 kutoka ardhini. Kichwa cha shawa kiko mita 2.1. Tofauti ni mita 2.4, yaani chini ya robo ya bari, na hapo ndipo simtanki limejaa. Likikaribia kuisha zinabaki sentimita 90 tu. Zaidi ya nusu ya presha imeondoka na hakuna aliyegusa koki. Ndiyo maana siku ya mgao, maji yakiwa yameingia usiku, wageni wanakusifu, na siku ya tatu wanakutukana. Bomba ni lile lile na wageni ni wale wale.

Kama umeongeza ghorofa juu na simtanki likabaki kwenye mnara wake wa zamani, hesabu ni fupi: kichwa cha shawa cha ghorofani kiko juu kuliko maji. Hakuna fundi, dua wala pampu ya mzunguko itakayobadilisha hilo. Inua simtanki, au weka pampu ya kuongeza presha yenye swichi inayojiwasha maji yakianza kutembea. Ukiiweka, ichukue maji kwenye simtanki, kamwe isiungwe moja kwa moja na bomba la mamlaka ya maji. Pampu inayovuta bomba la mtaa inawanyang'anya majirani zako, na kama kuna ufa njiani inavuta na matope ya mtaroni. Maji hayo mgeni wako anayapigia mswaki.

Lakini pampu ni ya baadaye. Maana gesti nyingi zina kimo cha kutosha, ila kinaliwa njiani.

Njiani kuna nini

Hapa nataka tukae, kwa sababu hapa ndipo fedha za wenye gesti zinapopotelea.

Mabomba yako karibu yote siku hizi ni ya PPR, yale ya plastiki ngumu yanayounganishwa kwa kuyeyushwa kwa pasi. Dukani unaambiwa "hili ni nusu inchi", nalo limeandikwa 20. Hiyo 20 ni milimita za nje. Ukuta wa bomba la daraja la maji ya moto una unene wa milimita 3.4 kila upande, kwa hiyo tundu la ndani, ambalo ndilo barabara yenyewe, lina milimita 13.2. Bomba la 25 lina tundu la milimita 16.6. Tofauti inaonekana ndogo machoni, lakini msuguano wa maji hupungua kwa kasi sana tundu likipanuka: kwa kiasi kile kile cha maji, bomba la 20 linakula presha takriban mara tatu ya bomba la 25. Ukiwa na robo ya bari, huna cha kulisha. Laini kuu inayopita koridoni kulisha vyumba vyote iwe 32, michepuko ya kuingia bafuni iwe 25, na ile 20 iishie kwenye kipande kifupi cha mwisho. Ukikuta korido nzima imevutwa kwa 20 kuanzia namba 1 hadi namba 9, umempata mwizi wako.

Hata bomba likiwa la saizi sahihi, kuna kiungo. Fundi mwenye haraka anachoma PPR kupita muda, anasukuma ndani kwa nguvu, na plastiki iliyoyeyuka inajikunja ndani na kufanya pete. Kwa nje kiungo ni safi, kwa ndani barabara imebaki nusu. Viungo kama hivyo kumi vikifuatana vinaua shawa. Ukiwa na shaka, kata kiungo kimoja cha zamani katikati kwa msumeno ukitazame. Ukiona pete, zungumza na fundi wako kwa upole, kisha mwambie achome upya mbele yako, na kabla hajafunga kila kiungo akichungulie kwenye mwanga.

Kuna koki pia. Ile koki ya kuzungusha, yenye gurudumu jekundu, ina kibao ndani kinachopanda na kushuka. Kikishika kutu kinakatika na kushinda chini. Wewe unazungusha gurudumu, linazunguka vizuri kabisa, unajisemea imefunguka, na kibao kimekaa pale pale kimeziba. Koki hizi ziko chini ya simtanki, ziko kabla ya hita, na hakuna anayezishuku kwa sababu gurudumu linazunguka. Zibadilishe kwa koki za mpira wa chuma zenye mkono, ambazo ukiona mkono umelala sambamba na bomba unajua njia iko wazi. Kabla ya pampu na kabla ya hita mara nyingi kuna chujio dogo la waya, lifungue. Ninakuhakikishia utakuta humo kitu ambacho hukukitarajia, na pengine kitakuwa na miguu.

La mwisho njiani ni hewa. Kwenye maji ya simtanki, bomba likipanda juu ya dari kisha likashuka, pale mgongoni hewa inajikusanya na presha yako ndogo haiwezi kuisukuma. Dalili yake: maji yanakohoa, yanatema, yanakata. Tiba ya haraka ni kuunganisha mpira kutoka bomba lenye presha kubwa hadi kwenye koki ya moto ya bafuni, ukafungua zote mbili kwa muda mfupi ili maji yarudi kinyumenyume na kuitoa hewa. Tiba ya kudumu ni kulishusha lile bomba, au kuweka mahali pa kutolea hewa pale mgongoni.

Baridi lenye nguvu, moto mnyonge

Sasa hebu nikuulize: maji ya baridi bafuni kwako yanatoka wapi? Kama yanatoka moja kwa moja kwenye bomba la mamlaka, kwa presha ya bari 2 au 3, na ya moto yanatoka kwenye hita inayolishwa na simtanki kwa robo ya bari, umewaweka ulingoni ng'ombe na sungura. Mgeni akifungua miksa, baridi linaingia, linamsukuma moto arudi alikotoka. Siku nyingine linapanda mpaka kwenye simtanki na kulifurisha usiku. Mgeni anaona maji baridi na kusema hita imekufa. Hita iko hai, inachemka, na maji yake hayana njia ya kutokea. Tiba ni kulisha pande zote mbili kutoka simtanki moja. Ukishindwa, weka valvu za kuzuia maji kurudi nyuma kwenye kila upande wa miksa, na upunguze presha ya baridi.

Kuna ugonjwa mwingine, binamu wa huu, wa siri zaidi. Mtu ameunganisha shawa ya mkono, au mpira wa kutawadhia, kwenye miksa. Mpira una kitufe chake mwishoni. Mgeni anamaliza, anaachia kitufe, maji yanakata, anaondoka bila kufunga miksa. Ndani ya miksa ile baridi na moto vimebaki vikitazamana, mlango uko wazi, na kutoka namba 4 baridi linavuka kuingia laini ya moto ya gesti nzima. Wageni wa namba 5 mpaka 9 wanaoga uvuguvugu, na unaita fundi wa hita.

Mtego wake ni huu. Funga koki inayoingiza maji ya baridi kwenye hita. Nenda bafuni, fungua upande wa moto tu. Maji yanapaswa kupungua na kukata baada ya muda mfupi. Kama yanaendelea kutoka, yanatoka kwa jirani. Pita chumba kwa chumba ukifunga miksa moja moja mpaka yakate, na hapo ndipo mlango ulipo.

Moto unahesabika

Hita haina siri. Uniti moja ya umeme inapasha lita 860 za maji kwa nyuzi joto 1. Basi. Kila kitu kingine unakipata kwa kuzidisha na kugawanya.

Tuchukue maji ya Julai, nyuzi 15, na mtu anayetaka kuoga nyuzi 40. Ile shawa ya umeme inayopasha papo hapo, aina iliyoanzia Brazili na kuenea kwetu, yenye kilowati 5.5, inaweza kupandisha nyuzi 25 kwa lita 3 na kidogo tu kwa dakika. Haiwezi zaidi, hata ukiibembeleza. Dar es Salaam, ambako maji ya simtanki yana nyuzi 27 hivi, kifaa kile kile kinatoa lita 6 na zaidi. Ndiyo maana shemeji yako wa Kinondoni alikusifia, ukanunua tisa, ukapandisha Njombe, na sasa wageni wako wana machaguo mawili: mchirizi wa vuguvugu au maji mengi ya barafu. Shemeji hakukudanganya. Maji yake ndiyo tofauti.

Tena shawa hizo zina ngozi ndani inayohitaji presha kiasi fulani ili iguse swichi. Robo ya bari mara nyingi haitoshi, kwa hiyo hita haiwaki kabisa, au inawaka na kuzima, na mgeni anaungua na kugandishwa kwa zamu. Na kila moja inavuta ampea 24. Tano zikiwaka pamoja ni ampea 120, na gesti yako iko kwenye umeme wa njia moja. Utasikia swichi kubwa ikianguka, na giza litaingia watu wakiwa na sabuni machoni.

Hapa sitanii hata chembe. Shawa ya umeme bila waya wa ethi unaofanya kazi inaua. Mgeni anayekuambia "ukigusa koki unasikia kama vijidudu vinatembea mkononi" amekupa onyo. Zima umeme wa bafu hilo saa hiyo hiyo, usimwingize mwingine. Waya uwe wa milimita 4 za mraba au 6 kama njia ni ndefu, uwe na swichi yake yenyewe nje ya bafu, na uwepo ule ulinzi unaokata umeme ukivuja. Kazi hiyo ifanywe na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Fundi bomba asiiguse, hata kama ni mjomba wako.

Kwa gesti ya vyumba tisa kwenye baridi, mimi naamini katika hita ya kutunza maji: tangi kubwa moja, limefunikwa vizuri. Hita ya lita 100 ya nyuzi 60, ukiichanganya na baridi la nyuzi 15, inakupa lita 180 za kuoga. Kwa lita 8 kwa dakika hizo ni dakika 22 na nusu. Gawanya kwa wageni tisa: kila mmoja ana dakika mbili na nusu, na wa namba 9 anarithi masazo. Ukitaka kila mmoja apate dakika tano kamili, unahitaji lita 200 za nyuzi 60 zikiwa tayari kabla wa kwanza hajaamka, na kwa kuwa baridi linaloingia huchafua moto uliobaki, nunua 250 au 300. Kuzipasha zile lita 200 ni uniti 10 na nusu hivi. Fungua LUKU yako, piga hesabu, uiweke kwenye bei ya chumba waziwazi.

Sola inasaidia sana na ninaipenda, lakini jua linapasha mchana na mgeni wako anaoga alfajiri. Basi linaondoka saa 12. Kwa hiyo tangi la sola liwe na koili ya umeme ya akiba, hasa siku za ukungu. Boila ya kuni nayo ni nzuri kule kwenye miti mingi, kwa sharti moja ambalo halina mjadala: bomba lake la kupumulia libaki wazi daima, likipanda juu kuliko simtanki. Na kila hita iliyofungwa ina valvu ya usalama inayodondosha matone. Fundi akiiziba kwa sababu "inavuja", mfukuze. Themostati ikigoma na valvu imezibwa, tangi lile linapasuka kwa nguvu ya kubomoa ukuta.

Kwa nini namba 9 anasubiri

Sasa tumefika kwa mzee wetu aliyejifunga taulo. Tuseme kila kitu kimepona: presha ipo, moto upo. Bado anasubiri. Kati ya hita na bafu lake kuna mita 30 za bomba la 32, na ndani yake yamelala lita 10 na nusu za maji yaliyopoa usiku. Lazima yatoke kwanza. Kwa lita 8 kwa dakika anasubiri zaidi ya dakika moja na robo, kwa lita 3 ni dakika tatu na nusu, na maji yote hayo, uliyoyanunua na kuyapandisha mnarani, yanaingia shimoni. Utaona mkanganyiko: bomba nene linaponya presha na kuongeza kusubiri. Watu wengi hapa hurudi kwenye bomba jembamba. Usirudi.

Tiba ni mzunguko. Kutoka mwisho wa laini ya moto, pale namba 9, vuta bomba jembamba la kurudi mpaka kwenye hita; hapa ile 20 iliyofukuzwa koridoni inapata kazi yake. Karibu na hita, kwenye bomba hilo la kurudi, weka pampu ndogo ya mzunguko, yenye mwili wa shaba au chuma kisichoshika kutu, inayokula wati chache tu. Mbele yake weka valvu ya kuzuia maji kurudi. Usiisahau hiyo valvu: bila yake, mgeni akifungua shawa, baridi linapita mlango wa nyuma, kupitia bomba la kurudi, na kumfikia kabla ya moto. Wengi waliosema "mzunguko haufanyi kazi" walikosa kipande hicho kimoja.

Kama gesti ina mbawa mbili, maji yatachagua mbawa fupi na kuisahau ndefu. Weka koki kwenye kila tawi la kurudi. Bana ile ya karibu kidogo kidogo, shika mabomba yote mawili kwa mikono, mpaka yawe na joto sawa. Funika mabomba yote ya moto kwa sponji la bomba, la kwenda na la kurudi, hasa yanayopita nje ukutani. Vinginevyo unapasha anga ya Njombe. Funga saa ya kujiwasha: kutoka saa 10 alfajiri mpaka saa 3 asubuhi, kisha saa 12 jioni mpaka saa 4 usiku.

Nyuzi za hita usizishushe ili kubana umeme. Kati ya nyuzi 20 na 45 ndipo bakteria wa Legionella wanapostawi, wale waliojulikana baada ya mkutano wa maveterani wa mwaka 1976 katika hoteli moja mjini Philadelphia kuacha vifo vya watu wengi kwa nimonia. Wanaingia mapafuni kwa ukungu wa maji, na shawa ni mashine ya ukungu. Tunza maji kwa nyuzi 60, yarudi yakiwa na 50 au zaidi, na chumba kilichokaa bila mgeni wiki nzima kifunguliwe shawa dakika kadhaa, dirisha likiwa wazi na mtu akiwa nje, kabla ya kukikodisha. Lakini nyuzi 60 zinaunguza ngozi ndani ya sekunde chache, ya mtoto upesi zaidi. Weka valvu ya kuchanganya inayojirekebisha, isiyoruhusu zaidi ya nyuzi 43 kufika mwilini.

Jaribio la saa 11 alfajiri

Fundi wako alikuja kujaribu kazi yake saa 5 asubuhi, gesti tupu, simtanki limejaa, akafungua shawa moja, ikamwaga vizuri, ukamlipa. Hakujaribu chochote. Gesti inajaribiwa saa 11 alfajiri, mabafu matano yakiwa wazi kwa mpigo, mtu mmoja akivuta maji ya choo, na wewe mwenyewe ukiwa namba 9 na ndoo ya lita 10. Mlipe nusu ya mwisho baada ya hapo, na umweleze hivyo siku ya kwanza mnapopatana, ili asije akajiona ameonewa.

Andika namba ulizopata kwenye daftari la gesti: sekunde za ndoo kwa kila chumba, na muda wa kusubiri moto. Weka kibandiko kwenye kila koki kueleza inafunga nini, ili binti wa zamu asizunguke na tochi saa 8 usiku. Rudia kila baada ya miezi mitatu. Sekunde za chumba chochote zikipanda ghafla, anza na kichwa cha shawa, kisha chujio, kisha koki, ndipo umpigie fundi.

Na kama kazi bado hujaimaliza, fedha haijatimia, au umeme umekatika na tangi limepoa, mwambie mgeni mapokezi, kabla hajalipa: "Baba, leo shawa ya moto hatuna, tutakuchemshia maji ya ndoo, na chumba tutakupunguzia." Mpunguzie kweli. Ndoo iwe safi, iwe imejaa, iwe na kopo lenye mpini, na iletwe saa aliyoitaka yeye. Lile tangazo la SAA 24 lishushe mpaka namba 9 ifuzu.